East of West: jinsi ya kuisoma komiki ya kauboi iliyojaa mashine na unabii

Toleo la kwanza la East of West lilitoka Machi 2013 kupitia kampuni ya Image Comics, na ndani ya kurasa zake msomaji hutwishwa mzigo mzito tangu mwanzo. Watoto watatu wanaibuka jangwani kwenye duara la mawe, wa nne haonekani. Mwanamume mweupe pepe, nguo nyeupe na kofia pana nyeupe, anaingia baa akiwa na bastola kiunoni na wachawi wawili ubavuni. Kisha tunapelekwa kwenye mnara mrefu mweupe anamokaa rais. Mwaka ni 2064. Hakuna anayemweleza msomaji kwa nini watu wa mwaka huo bado wanavaa kama makauboi wa karne ya kumi na tisa, wala kwa nini farasi wao ni mitambo.

Wanaokwama hapo mara nyingi wamekuja na matarajio ya upande mmoja. Aliyezoea sinema za makauboi husubiri sherifu, jambazi na mji mdogo wa kuokolewa, na havipati. Mpenzi wa bunilizi za kisayansi hutaka aelezwe mitambo inavyofanya kazi, naye hapewi maelezo hayo. Mhimili wa hadithi umesimama kwingine kabisa, kwenye mambo mawili: mkataba wa amani wa mwaka 1908, na unabii uliotolewa vipande vitatu na watu watatu tofauti. Ukivishika hivyo viwili, bastola, mashine, wachawi na marais vyote vinapata mahali pa kukaa.

Kazi hii ni ya watu wanne. Jonathan Hickman ni mwandishi, Nick Dragotta ni mchoraji, Frank Martin alipaka rangi, na Rus Wooton aliandika herufi. Ilimalizika Desemba 2019 kwa toleo la 45, na matoleo yote yamekusanywa katika juzuu kumi. Mwaka 2014 iliteuliwa kuwania tuzo ya Eisner, tuzo mashuhuri ya komiki, kwa mfululizo bora unaoendelea. Ilitoka Image kwa sababu inayoeleweka. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1992 na wachoraji saba waliotaka mtunzi abaki na haki za kazi yake, hivyo haina mhusika wa zamani wa kulindwa wala mashujaa wa kampuni ambao hawaruhusiwi kufa. Hadithi inayoanza kwa mauaji ya rais na kuelekea mwisho wa dunia inahitaji uhuru wa namna hiyo.

Vita ambavyo havikuisha mwaka 1865

Katika historia tunayoijua, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilianza Aprili 1861, na tarehe 9 Aprili 1865 Jenerali Robert E. Lee wa Kusini akasalimu amri huko Appomattox, Virginia. Katika East of West siku hiyo haipo. Kinachobadilisha mkondo ni Red Cloud, kiongozi wa Walakota, kuyaunganisha makabila ya wenyeji wa Amerika kuwa dola moja inayoingia vitani kama upande wa tatu. Kaskazini na Kusini, ambao walikuwa wanachinjana wao kwa wao, wanajikuta wana adui mwingine asiyetaka kupatana na yeyote kati yao. Vita vinavuka kizazi hadi kizazi, mpaka mwaka 1908 kimondo kinapoanguka katikati ya bara. Wapiganaji wanachoka au wanaogopa, na amani inatiwa sahihi pale pale kilipoangukia. Mahali hapo panaitwa Armistice.

Hickman hakuokota jina la Red Cloud kwa bahati. Red Cloud wa kweli aliongoza vita vya mwaka 1866 hadi 1868 dhidi ya jeshi la Marekani kwenye njia ya Bozeman, na vita hivyo viliishia kwenye mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868, jeshi likaziacha ngome zake katika njia hiyo. Ni mfano adimu wa serikali ya Marekani kurudi nyuma mbele ya wenyeji. Komiki inachukua ushindi huo wa kweli na kuuliza ungefika wapi kama ungekuja mapema zaidi, na kama makabila mengine yangeungana nyuma yake. Hata kimondo kina mwangwi katika kumbukumbu: tarehe 30 Juni 1908, mwaka wa kweli, mlipuko wa kitu kilichotoka angani uliangusha miti ya msitu mkubwa karibu na mto Tunguska, Siberia.

Matokeo yake ni ramani, na ramani hii ndiyo inayopaswa kukaa kichwani kabla ya majina ya wahusika. Kaskazini mashariki upo Muungano, mabaki ya Marekani ya zamani. Kusini mashariki lipo Shirikisho, wale wa Kusini ambao hawakushindwa. New Orleans na maeneo yake ni makao ya Ufalme, dola ya watu weusi chini ya ukoo wa Freeman, tajiri na yenye kiburi cha haki. Texas ni jamhuri inayojitegemea, kama ilivyokuwa kweli kati ya 1836 na 1845. Taifa Lisilo na Mwisho ni la wenyeji wa Amerika. Pwani ya magharibi inatawaliwa na Jamhuri ya Watu ya Amerika, dola ya Wachina yenye mji mkuu New Shanghai na ukoo wa Mao kwenye kiti. La saba ni Armistice yenyewe, ardhi isiyo ya yeyote, panapotunzwa unabii.

Tazama ni nani waliopewa nchi. Katika historia ya kweli, Wachina walijenga sehemu ya magharibi ya reli ya kuvuka bara iliyokamilika tarehe 10 Mei 1869, kisha mwaka 1882 sheria ikapitishwa ya kuwafungia mlango wafanyakazi wa Kichina. Watu weusi waliachiwa kutoka utumwani, na utumwa ukapigwa marufuku kikatiba Desemba 1865, lakini ardhi hawakupewa. Wenyeji wa bara walisukumiwa kwenye maeneo waliyotengewa. Sinema za makauboi zilikua juu ya migongo ya makundi haya matatu, zikiwaweka pembeni mwa picha au kuwafanya shabaha ya risasi. East of West inawapa kila mmoja bendera, jeshi na hazina. Na katika uamuzi ambao naona ndio wenye nguvu kuliko yote ndani ya kitabu, taifa lililoendelea zaidi kiteknolojia ni la wenyeji. Mitambo ya kutisha zaidi inatoka kwa watu ambao hadithi za zamani ziliwachora wakiwa na upinde na mshale tu. Hapo ndipo bunilizi ya kisayansi inapofanya kazi ambayo kauboi peke yake hangeiweza: inageuza nani ana nguvu, kisha inamtaka msomaji aitazame tena kila sura aliyodhani anaijua.

Ujumbe, Wateule na wapanda farasi

Unabii unaitwa Ujumbe. Sehemu ya kwanza iliandikwa na Elijah Longstreet, aliyekuwa askari wa Kusini. Ya pili ilitamkwa na Red Cloud. Ya tatu ilichelewa kwa takriban miaka hamsini, hadi ilipoandikwa na Mao Zedong aliye uhamishoni Amerika. Watu watatu wasio na dini moja wala lugha moja, na vipande vyao vinaungana kuwa maandiko yanayotabiri mwisho wa dunia.

Ugawaji huu una kazi ya kisiasa. Kwa kuwa kila kipande kimetoka kwa watu tofauti, hakuna taifa linaloweza kudai kwamba Ujumbe ni wa adui. Ndiyo maana kundi la waumini, Wateule, lina mtu ndani ya kila taifa, na mtu huyo daima yuko karibu na kiti cha enzi. Andrew Archibald Chamberlain ni mnadhimu wa serikali ya Shirikisho. Bel Solomon anaongoza Texas, ingawa imani yake inayumba. John Freeman ni mrithi wa Ufalme. Hu ni binti wa nyumba ya Mao. Cheveyo ni mganga wa Taifa Lisilo na Mwisho. Ezra Orion ndiye mtunza Ujumbe huko Armistice. Upande wa Muungano unapata wake kwa njia ya damu: viongozi wanauawa mmoja baada ya mwingine kwa kufuata mstari wa kurithi madaraka, hadi anapofikiwa mtu aliye tayari kuamini, Antonia LeVay, naye anakuwa rais.

Hapa kuna kosa la kusoma linalojirudia. Ukiwachukulia Wateule kama genge la wahalifu wanaoshirikiana, mazungumzo yao hayatakuwa na maana, kwa kuwa kila mara wanadanganyana. Wanashiriki imani, hawashiriki maslahi. Kila mmoja anataka mwisho wa dunia ufike, lakini anataka ufike nchi yake ikiwa juu. Chamberlain ndiye mfano ulio wazi zaidi: maneno yake ni ya muumini, hesabu zake ni za mwanasiasa. Soma mkutano wowote wa Wateule ukiwa na ramani ya mataifa saba mbele yako, na utaona kwamba kila sentensi inahusu mpaka, jeshi au deni.

Juu ya Wateule wako wapanda farasi wanne waliotoka kwenye Kitabu cha Ufunuo, sura ya sita. Vita, Njaa na Ushindi wamezaliwa upya wakiwa na miili ya watoto, na ukatili wao unatisha zaidi kwa sababu ya sura hizo. Wa nne, Mauti, hakuzaliwa upya pamoja nao. Anayeijua sura hiyo ya Ufunuo atakumbuka kwamba farasi mweupe ni wa yule anayetoka akishinda, na Mauti hupanda farasi wa rangi ya kijivujivu. Dragotta na Martin wamempa Mauti weupe kamili, kuanzia ngozi hadi kofia na mavazi. Katika lugha ya sinema za makauboi, kofia nyeupe kwa miaka mingi ilivaliwa na mtu mwema. Kwa hiyo kabla Mauti hajasema neno, mavazi yake yanamdai msomaji mambo mawili yasiyopatana: amwogope, na amshangilie.

Na kuna sababu ya kumshangilia. Mauti alipenda. Alimwoa Xiaolian, binti wa ukoo wa Mao, wakapata mtoto wa kiume. Ndoa hiyo ilivuruga Ujumbe, familia ikasambaratishwa, na Mauti akaamini kwamba mke na mtoto wamekufa. Tunapokutana naye anawasaka waliohusika. Xiaolian yu hai, mikono yake imekatwa na badala yake ana mikono ya chuma. Mtoto pia yu hai. Anaitwa Babylon, na Ujumbe unamhesabu kuwa Mnyama atakayeimaliza dunia. Analelewa kwa siri, na mwalimu wake ni mashine inayoelea iitwayo Balloon, ambayo inachuja anachokiona: mtoto anatazama dunia kupitia picha zilizohaririwa, na anaamini ndiyo dunia yenyewe.

Uti wa hadithi, basi, ni ule ule wa kauboi wa siku zote: mtu aliyenyang'anywa familia anarudi na bastola na majina ya watu. Teknolojia imeingizwa pale panapouma zaidi, yaani kwenye swali la mtoto huyu atakuwa nani wakati macho yake mwenyewe yanadanganywa na mtambo.

Kwa nini bastola na mashine zinaweza kukaa pamoja

Watu husema mchanganyiko huu ni wa ajabu, kana kwamba kauboi ni kiumbe wa kale na mashine ni ya kesho. Historia inakataa. Dunia ya makauboi ilikuwa dunia ya teknolojia mpya. Telegrafu, ya kutuma ujumbe kwa waya, ilivuka bara mwaka 1861. Reli ilikamilika 1869. Bastola ya Colt yenye silinda inayozunguka ilipata hataza mwaka 1836, na ile maarufu zaidi, ya mwaka 1873, ilikuwa bidhaa ya kiwandani yenye vipuri vinavyobadilishana. Senyenge ya Joseph Glidden ilipata hataza mwaka 1874, na ndiyo iliyozima malisho ya wazi ambayo kazi ya ukauboi ilitegemea. Kila hadithi ya kauboi ni hadithi ya mtu anayeishi katikati ya mitambo miwili: ule uliompa nguvu, yaani bastola, na ule utakaomfuta, yaani reli na waya. Baada ya sensa ya mwaka 1890 ofisi ya sensa ya Marekani ilitangaza kwamba mstari wa mpaka wa makazi haupo tena. Baada ya hapo, anayetaka ardhi isiyo na sheria hana budi kuibuni, na njia mbili zilizo rahisi ni kwenda anga za juu au kuigeuza historia. Hickman alichagua ya pili.

Ugumu unakuja kwenye silaha, na hapa ndipo komiki nyingi za aina hii hufeli. Mapambano ya bastola yanavutia kwa sababu ya mipaka ya bastola yenyewe. Colt ya 1873 ina vyumba sita, lakini wengi walijaza vitano na kuacha nyundo ilale juu ya chumba kitupu ili isifyatuke kwa kugongwa. Kila risasi ilihitaji kidole gumba kivute nyundo nyuma kwanza. Kuijaza upya kulikuwa kazi: unafungua kilango cha pembeni, unasukuma ganda moja moja kwa kijiti, unaingiza risasi moja moja. Baruti ya zamani ilitoa moshi mzito mweupe, kwa hiyo baada ya milio michache ndani ya baa hakuna aliyeona vizuri. Mchoraji anayejua haya ana zana tele: kidole juu ya nyundo, hesabu ya risasi, maganda sakafuni, moshi unaoficha nani amesimama.

Sasa mpe mhusika silaha ya miali isiyoisha chaji. Hesabu imekufa, kujaza upya kumekufa, moshi umekufa. Kinachobaki ni mwanga unaotoka upande mmoja kwenda mwingine, na msomaji anafunua kurasa haraka kwa sababu hakuna cha kusubiri. Dawa ya kawaida ni kurudisha mipaka kwa jina jingine: silaha inayopata joto na kuhitaji kupoa, chaji inayoonekana ikipungua, risasi ghali ambayo mhusika anazo tatu tu. Mpaka huo lazima uoneshwe mapema, kwenye tukio dogo lisilo na hatari, ili utakapomkwamisha shujaa msomaji asidhani umetungwa papo hapo.

East of West ilichukua njia tofauti, ngumu zaidi. Mauti karibu hauawi, na risasi zake hazikosi. Hesabu ya risasi isingesaidia chochote. Kwa hiyo Hickman alihamisha wasiwasi kutoka kwenye swali la nani atashinda kwenda kwenye swali la ushindi huo utagharimu nini. Mauti akivamia jeshi, unajua jeshi litaanguka. Usichokijua ni nani atamtazama akifanya hivyo na ataamua nini baadaye. Mapigano yanakuwa mafupi, wakati mwingine kurasa mbili tatu, na mazungumzo yanayoyatangulia yanakuwa marefu. Mwenye kiu ya mapambano hulalamika kwamba wahusika wanaongea mno. Ni kweli wanaongea sana, lakini hapo ndipo risasi zinapofyatuliwa.

Majaribio ya zamani yanaonesha kwa nini hili si dogo. Kampuni ya Charlton ilichapisha Space Western kati ya 1952 na 1953, matoleo ya namba 40 hadi 45, kwa kubadilisha jina la komiki yake ya kauboi ambayo tayari ilikuwa sokoni. Shujaa wake, Spurs Jackson, alikuwa mwenye ranchi aliyepambana na wavamizi wa kutoka sayari nyingine. Farasi na kombora viliwekwa kwenye ukurasa mmoja, lakini kimoja hakikubadilisha kingine: ondoa kombora, na hadithi inabaki ile ile. Baada ya matoleo sita komiki ikarudi kuwa ya kauboi wa kawaida. Kampuni ya DC ilijaribu kwa njia nyingine. Jonah Hex, msaka wahalifu kwa malipo aliyeanza mwaka 1972 kwenye toleo la 10 la All-Star Western, komiki yake ilipofungwa mwaka 1985 alihamishiwa mwaka 2050, katika Marekani iliyoharibiwa, kwenye mfululizo ulioitwa Hex. Ulidumu matoleo 18. Tatizo lilikuwa wazi: uzito wa Jonah Hex ulitoka kwenye majeraha ya vita vya 1861 hadi 1865, na ukimtoa kwenye nchi iliyopigana vita hivyo, anabaki mtu mwenye kovu usoni na bastola mkononi. East of West haikumsafirisha kauboi kwenda siku zijazo. Iliviacha vita vyenyewe vitembee hadi huko.

Ukurasa unavyofanya kazi

Dragotta alikuwa ameshafanya kazi na Hickman kabla ya hapa. Mwaka 2011 alichora toleo la 588 la Fantastic Four, hadithi ya maombolezo ambayo karibu haina maneno, na uzoefu huo unaonekana. Tukio la makabiliano kwake huwa na hatua zinazotambulika. Kwanza fremu pana inayokata ukurasa kutoka ukingo hadi ukingo, watu wakiwa wadogo na ardhi kubwa. Kisha fremu nyembamba zilizobanana: macho, mkono, kitako cha bastola. Kisha fremu moja ya kimya isiyo na kiputo cha maneno. Mlipuko wenyewe huwekwa, inapowezekana, baada ya kufunua ukurasa, ili mkono wa msomaji ndio uvute kifyatulio. Kama fremu nyembamba zingekuwa nyingi mno, jicho lingechoka kabla ya kufika. Kama zingekuwa mbili tu, pasingekuwa na muda wa kuogopa.

Rangi za Martin ni mwongozo wa pili. Jangwa linapakwa rangi za udongo na kutu, majumba ya watawala yanapakwa rangi baridi, na Mauti amebaki mweupe popote anapokwenda, hivyo jicho linampata kwanza hata kwenye umati. Ukiona ukurasa umebadilika rangi ghafla, chunguza: mara nyingi umehamishiwa taifa jingine au wakati mwingine, bila maelezo yoyote ya kukuarifu.

Mwongozo wa tatu ni kurasa za Hickman zenyewe, zile zenye maneno machache au alama tu juu ya uwanja mtupu. Zinatenganisha matukio na wakati mwingine zinabeba maneno ya Ujumbe. Wasomaji wenye haraka huziruka wakidhani ni mapambo. Ukiziruka mara tano, utashindwa kujua ni kwa nini Wateule wanagombana kuhusu tafsiri.

Kusoma kwenye simu kunaharibu sehemu kubwa ya haya. Ukurasa wa komiki ya Marekani una upana wa takriban sentimita 17 na kimo cha sentimita 26. Kioo cha simu kina upana wa takriban sentimita 7, maana yake ukurasa unabanwa hadi chini ya nusu, na herufi za Wooton zinakuwa punje. Programu nyingi hutatua hilo kwa kukuonesha fremu moja moja, lakini hapo unapoteza uwiano: fremu pana ya jangwa na fremu ndogo ya jicho zinajaza kioo kwa ukubwa ule ule, na mapigo yote yanasawazishwa. Kishikwambi cha inchi 10 kinatosha. Zima mfumo wa fremu moja moja, soma ukurasa mzima, na ukifika kwenye mchoro uliotandazwa kurasa mbili, kilaze kishikwambi kwa upana.

Kuisoma bila kupotea

Juzuu ya kwanza ina matoleo 1 hadi 5, ya pili 6 hadi 10, ya tatu 11 hadi 15. Ya nne ina 16 hadi 19, ya tano 20 hadi 24, ya sita 25 hadi 29, ya saba 30 hadi 34, ya nane 35 hadi 38, ya tisa 39 hadi 42, na ya kumi 43 hadi 45. Yapo pia makusanyo matatu makubwa ya jalada gumu: la kwanza linaishia toleo la 15, la pili toleo la 29, la tatu linamaliza. Kwa anayeanza, jalada la kwanza ndilo kipimo kizuri, maana kufikia toleo la 15 mataifa yote yameshaoneshwa na ugomvi wao uko wazi. Kuhukumu kwa toleo la kwanza peke yake ni kuionea kazi hii.

Lipo toleo la pembeni liitwalo East of West: The World, la mwaka 2014, lenye ramani na mpangilio wa miaka. Halina hadithi ya kukimbizana nayo, kwa hiyo wengi hulisahau. Lisome mara tu baada ya toleo la 5. Ukilisoma kabla, majina ya mataifa yatakuwa orodha kavu. Ukilichelewesha hadi juzuu za mwisho, utakuwa umeshateseka bure.

Waliosoma komiki hii ilipokuwa ikitoka walipata shida ambayo wewe huna. Kutoka Machi 2013 hadi Desemba 2019 ni miezi 81 kwa matoleo 45, yaani chini ya matoleo saba kwa mwaka, na mapengo yaliongezeka kadiri mwisho ulivyokaribia. Hickman huweka neno au kitu kwenye toleo moja na kukirudia matoleo kumi baadaye bila kukumbusha, na mtu aliyesubiri miezi mitatu kati ya matoleo alikuwa ameshakisahau. Soma juzuu mbili mbili kwa mfululizo. Weka karatasi pembeni yenye safu tatu: taifa, mtawala, Mteule. Watawala hubadilika kwa kuuawa, kwa hiyo acha nafasi ya kukata na kuandika upya, na uwe mwangalifu na Ufalme, ambako ndugu kadhaa wa ukoo wa Freeman wanaitwa John wote. Wapambanue kwa mavazi na mwili, jina halitakusaidia.

Mfuatilie pia mzee wa Texas aitwaye Ranger, anayewasaka Wateule akiongozana na mbwa wa mashine. Huonekana kama hadithi ya pembeni, na wasomaji humpita wakikimbilia kwa Mauti. Yeye ndiye mtu wa sheria pekee katika hadithi isiyo na sheria, binadamu asiye na unabii wala uwezo wa ajabu, na kupitia kwake unaona dola hizi saba zinavyoonekana na mtu aliye chini yake. Kitabu ni cha watu wazima: damu ni nyingi, na watoto wanaoua wamechorwa bila kufichwa. Kama nyumbani kuna wadogo wanaopenda makauboi, weka juzuu hizi kwenye rafu wasiyoifikia.